Chinchila anakula ukuta: uzibe na nini? Alumini, wavu, tailizi au hizo dawa chungu

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia nyumba ya matofali na lipu ya saruji, nyumba ambayo panya akitaka kuguguna ukuta atamaliza meno yeye kabla ukuta haujachubuka. Kwa hiyo nilipohamia huku Columbus, Ohio, ndo nikajua kuna kuta za jipsam, yani bodi la unga mweupe lililobanwa kati ya karatasi mbili, ukiegemeza kiti vibaya linabonyea. Ndani ya nyumba ya hivyo, tena ya kupanga, tena dipoziti nimeshaweka, binti yangu akaleta chinchila wawili. Mmoja tukamwita Karanga. Mwingine jina alijitafutia mwenyewe wiki ya pili, Msumeno.

Nilipomweleza mama kwenye simu kwamba nafuga mnyama wa jamii ya panya, ana manyoya laini kama nini sijui, anaoga vumbi badala ya maji, ananunuliwa majani makavu kwa hela, na kwamba kala ubao wa sebuleni, mama alikaa kimya kidogo afu akaniuliza, "Mwanangu, kwani sumu huko haziuzwi?"

Sasa ni mwaka wa tatu nahangaika nao na nimejaribu karibu kila kitu kinachouzwa na vingine nimetengeneza mwenyewe. Vingi vilikuwa hela ya bure. Ndo maana nalinganisha hapa, maana ukiuliza watu kila mtu anakutajia kitu kimoja alichotumia yeye na hakwambii kilimshinda wapi.

Kwanza ujue anavyouma

Hii usiiruke, ndo itakayokuokolea hela. Chinchila ana meno manne ya mbele, mawili juu mawili chini, ya rangi ya chungwa, na hayaachi kuota mpaka anakufa, kama sentimita 5 mpaka 7 kwa mwaka, na magego nayo yanaota vilevile. Kwa hiyo kuguguna kwake sio ukorofi, na huyu mnyama akitunzwa vizuri anaishi miaka 10 mpaka 20, so usijidanganye kwamba ataacha akikua.

Ila hayo meno yanafanya kazi kama koleo, yanataka kitu cha kubana juu na chini. Ukimwachia ukuta tambarare, msafi, hauna tundu la msumari wala mkwaruzo, mara nyingi hana pa kushika, atakwangua kidogo na kuondoka. Mpe ukingo sasa! Kona ya ukuta inayotokeza nje, mdomo wa juu wa skatingi (ule ubao mwembamba unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu), fremu ya mlango, karatasi iliyobanduka kidogo tu, hapo umempa hindi la kuchoma. Msumeno alianzia kwenye alama ndogo niliyoacha mimi mwenyewe nilipogonga ukuta na sofa wakati wa kuhamia. Kufika asubuhi pana shimo la ukubwa wa kiganja na ule mkanda wa chuma uliofichwa ndani ya kona unang'aa nje.

Kwa hiyo kinga nzuri siyo lazima iwe ngumu kuliko zote. Kinga nzuri ni ile isiyomwachia ukingo. Nitazipima zote hapa kwa hilo, bei na uzuri baadae.

Na kabla hujanunua chochote angalia umri wa nyumba. Huku Marekani rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, kwa hiyo kama nyumba imejengwa kabla ya hapo mwenye nyumba anatakiwa kisheria akupe karatasi ya kukujulisha kuhusu rangi hiyo pale unaposaini mkataba. Wengi tunasaini tu hatusomi. Mimi niliisoma baada ya Karanga kuchubua dirisha, na siku hiyohiyo nikawafungia wote keji mpaka nilipopata suluhisho, maana risasi inamdhuru mnyama wa nusu kilo haraka sana, na watoto nao wanaovuta lile vumbi lake. Nyumba ya namna hiyo usijadili dawa ya kupuliza, ruka nenda kwenye kuziba.

Dawa chungu au kadibodi

Naziweka pamoja kwasababu ndo vitu viwili mtu anavikimbilia mwanzo, bei rahisi, kazi hakuna.

Dawa chungu ni zile chupa za kupuliza zinazouzwa kwa ajili ya mbwa. Nilinunua kwa dola kama 10 hivi. Nikapuliza skatingi yote ya sebule, nyumba ikanuka spiriti. Karanga alilamba, akatikisa kichwa, akaondoka, nikafurahi. Msumeno alilamba, akatikisa kichwa, akaendelea. Afu zinaisha nguvu, baada ya siku chache inabidi upulize tena, na ukisahau mara moja basi kazi yote imeharibika. Kuna wanaoshauri upake pilipili. Usifanye hivo jamani. Huyu mnyama anajisafisha uso kwa mikono, hiyo pilipili itaishia machoni, na tena unamwachia ukingo uleule ambao akizoea tu anarudi.

Kadibodi kinyume chake haimzuii kabisa, inamchelewesha. Unaegemeza vipande vya boksi tupu lisilo na gundi nyingi wala gundi ya utepe wala maandishi ya kung'aa, mbele ya ukuta, akianza kula anakula boksi. Kwa saa moja ya kuchezea ukiwa umekaa nae hapohapo inatosha. Kwa usiku mzima hapana, kwanza hatakiwi kuachiwa usiku mzima, na akimeza nyingi tumbo linaweza kuziba, na wanyama hawa hawawezi kutapika, kinachoingia lazima kitokee upande wa pili.

Ukinilazimisha kuchagua kati ya hizi mbili ntachukua kadibodi, tena ni ya bure. Dawa nilimpa jirani mwenye mbwa.

Plastiki au alumini

Hapa ndo watu wengi wanapotea, na mimi nilipotea kwa kama dola 60.

Kuna vile vizuio vya kona vya plastiki ngumu, vya umbo kama herufi L, unabandika kwenye kona ya ukuta, vizuri kwa macho, havionekani hata. Kuna pia zile shiti za plastiki angavu kama kioo, unakata unabandika ukutani. Kwa mbwa sawa, kwa paka anayekwaruza sawa. Kwa chinchila tatizo ni lilelile, ile plastiki yenyewe ina ukingo. Kile kizuio cha kona kina kingo mbili ndefu kutoka juu mpaka chini! Umemtolea ukingo mmoja wa jipsam umempa miwili ya plastiki, na plastiki ndo kitu ambacho hutaki kabisa akimeze, haisagiki tumboni. Nilikuta vipande vidogo vyeupe kwenye beseni lake la kuogea vumbi, moyo ukashuka. Bahati nzuri alikuwa anatema.

Shiti angavu ina afadhali kidogo kama ni nene, milimita 5 hivi, na ukingo wake wa chini umekaa sakafuni kabisa na wa juu uko mbali asipofika. Ila bei yake kwa chumba kizima utalia, na kuikata nyumbani bila kupasuka sio mchezo.

Alumini sasa. Maduka ya vifaa vya ujenzi, Home Depot na wenzake, wanauza mikunjo ya alumini nyembamba inayotumika kuezekea, ile wanayozungushia bomba la moshi lisivuje. Mimi nilichukua ya upana wa sentimita 25, urefu mita 3, nikalipa kati ya dola 15 na 20 kwa mkunjo. Inakatika kwa mkasi wa bati. Siri yake iko kwenye kukunja, na hapa wengi hawakunji wanabandika hivohivo, afu ukingo unabaki kama wembe unamkata mnyama mdomo na wewe vidole. Fanya hivi: chora mstari sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, laza kwenye kona ya meza, kunja kwa mkono mpaka nyuzi 90, afu geuza ugonge taratibu kwa nyundo ukiwa umeweka kitambaa juu mpaka ilale. Sasa ukingo ni mviringo, sio mkali, meno yanateleza. Vipande vya miisho pitisha tupa, ile ya kusugulia chuma.

Kwa skatingi kunja alumini iwe na bega, yani ipande ubao kwa mbele, ilale juu ya mdomo wa skatingi, afu ipande tena ukutani sentimita 10 hivi. Ule mdomo wa juu ndo alikuwa anaushika, sasa haupo. Chini ikanyage sakafu kabisa, ukiacha nafasi ya kuingiza kucha ataingiza jino.

Mtu anauliza, bati la kawaida je, lile la zinki, si lipo rahisi? Mimi silitumii. Zinki ikimezwa ni sumu, na Msumeno ni mtu wa kulamba kila kitu. Alumini, au kama una hela chuma kisichoshika kutu.

Mabaya ya alumini yapo. Sebule yangu ikawa kama bucha, mke wangu alikataa wageni wiki nzima. Afu kelele, chinchila anapenda kurukia ukuta na kujisukuma kurudi, sasa akipiga ile alumini saa sita usiku ni kama mtu anaanguka na sufuria. Nilibandika kwa gundi ya utepe ya pande mbili kwasababu nyumba sio yangu, ile inayotoka bila kung'oa rangi, na kwenye joto la kiangazi ilianza kuachia kwa juu. Mwenye nyumba yake apige skrubu za vichwa bapa amalize.

Ila kwa kazi tuliyosema, ya kutomwachia ukingo, alumini iliyokunjwa inaishinda plastiki mara kumi.

Uzibe ukuta au umzuie mwenyewe asifike?

Baada ya bucha langu nikaanza kufikiria kwa upande mwingine. Kwanini navalisha nyumba nzima nguo ya chuma kwasababu ya wanyama wawili wanaotoka nje ya keji saa moja kwa siku?

Kuna zile fremu za wavu wa chuma za mraba, kila upande kama sentimita 35, watu wanazinunua kutengenezea shelfu za nguo. Nilinunua paketi mbili, jumla kama dola 70. Unaziunganisha unapata uzio. Vile viunganishio vinavyokuja nazo ni vya plastiki, vitupe, au viweke upande asiofika, mimi natumia vibanio vya chuma vya karatasi za ofisini.

Kuna njia mbili za kuzitumia na ni tofauti sana.

Ya kwanza ni uzio wa katikati ya chumba. Hii kwa sungura sawa. Kwa chinchila, aisee, huyu ni mnyama wa milima ya Andes huko Chile, kazi yake ni kuruka kutoka jiwe hadi jiwe, mita moja na zaidi anaruka akiwa amesimama tu. Fremu mbili kwenda juu ni sentimita 70, Karanga alizivuka kabla sijamaliza kufunga mlango wa uzio. Tatu ni mita moja na kidogo, alisubiri nikasogeza ndoo karibu, akaitumia kama ngazi. Ukitaka uzio panda fremu nne na usiache kitu chochote karibu.

Ya pili ndo nayoipenda mimi. Unaegemeza wavu mbele ya ukuta wenyewe, ukiuacha mbali na ukuta sentimita 5 kwa kuweka vigingi vya mbao kwa nyuma. Anauona ukuta, pua inafika karibu, meno hayafiki. Akiguguna wavu anaguguna chuma, anachoka. Na kwa urefu hupati shida, kwasababu juu ya sentimita 70 hana pa kusimama na kutafuna, labda kama kuna dirisha au shelfu. Haubandiki kitu ukutani, hautoboi, siku ya kuhama unakunja unaondoka nayo.

Kasoro yake, matundu. Yakiwa makubwa mtoto wa chinchila anapita, na mkubwa akijaribu kupanda anaweza kunasa mguu, na miguu yao myembamba kama njiti inavunjika kweli. Nunua zenye matundu madogo, kama sentimita 2, hata kama zimepanda bei kidogo. Na kama wako anapenda kupanda panda, basi rudi kwenye alumini.

Kwa mpangaji, kati ya alumini na wavu, nasema wavu kwenye ukuta mrefu, na alumini kipande kimojakimoja tu kwenye fremu ya mlango na ile kona ya nje, maana hapo wavu haukai. Ndo nilivyo sasa hivi. Alumini ya sebuleni nimetoa, mke wangu kafurahi.

Bafu je?

Hii nilichelewa kuijua na pengine ilitakiwa iwe ya kwanza. Bafu letu lina tailizi sakafuni na ukutani mpaka kiunoni. Hamna skatingi ya mbao, hamna kona ya jipsam, na kuna baridi, na chinchila joto likipita kama nyuzi 25 anaanza kuteseka. Kilichobaki cha kulinda ni fremu ya mlango na kabati la chini ya sinki, kipande kimoja cha alumini na wavu mmoja, basi, dola zisizofika 30.

Ila funika choo, hilo sio mzaha. Manyoya yake ni mazito sana, tundu moja la ngozi linatoa nywele kama 60, akilowa hakauki na anapata baridi na fangasi, ndo maana anaoga vumbi. Sakafu kausha kabisa kabla hawajaingia, tandika blanketi dogo wasiteleze, na ondoa sabuni na mazulia ya mpira. Kwa familia yenye bafu moja na watu watano kama yetu ni ugomvi kila jioni. Ukiwa na mawili usihangaike na mengine yote hapo juu.

Mwenye nyumba yake sasa, anayetaka kumaliza kabisa, afanye sebule yake iwe kama bafu. Ng'oa skatingi ya mbao weka ya tailizi. Huku ukisema hivo wanakushangaa, lakini nyumbani ndo kawaida kabisa, fundi anakata tailizi ileile ya sakafu anaipandisha sentimita 10 ukutani na hakuna anayeiona ya ajabu. Kwa chinchila pandisha mpaka 30, juu malizia na kile kipande chembamba cha alumini cha kuzibia ukingo wa tailizi. Inagharimu kuliko zote na vumbi lake siku mbili hamuishi humo, ila hutaifanya tena.

Nyaya usizisahau

Kwa kifupi tu, hakuna cha kulinganisha hapa, waya wa umeme hauzibwi kwa plastiki mbele ya chinchila. Chomoa, pandisha juu, au mzuie asifike kwenye soketi kwa wavu uleule, ukiwa mbali na soketi yenyewe. Ile mirija laini ya kufichia nyaya anaipasua kama muwa.

Na mpe chake cha kutafuna

Nimeona watu wanaweka kinga ya maana afu keji haina hata kijiti. Kinga inamkatalia, haimpi. Vijiti vya mtofaa (wa epo), mpea, au msondo (willow) vilivyokauka na havijapigwa dawa ni sawa, paini iliyokaushwa kwenye tanuri nayo sawa. Mierezi hapana, miti ya matunda yenye kokwa kama plamu na cheri hapana, plaiwudi na mbao zenye dawa hapana kabisa. Na nyasi kavu za timothi ziwepo muda wote, hizo ndo zinazosaga magego, kijiti kinasaidia ya mbele tu. Mimi nilipunguza zile tembe zake za chakula cha dukani nikaongeza nyasi, na kuguguna kwa Msumeno kulipungua ndani ya wiki kadhaa, hakukuisha.

Ukiwa na dola 30 tu mkononi: bafu, au kadibodi pamoja na kipande cha alumini kwenye kona iliyoanza kuliwa, na saa yao ya kutoka uwe umekaa nao. Ukiwa na 100 na unapanga: wavu wa kusimama mbele ya kuta, alumini kwenye fremu. Nyumba yako na una fundi: tailizi.

Paliposhaliwa usiweke kinga juu ya kidonda. Ukingo uliochanika ukiwa nyuma ya alumini iliyoachia kidogo ndo anaanzia hapo. Kata karatasi iliyoning'inia kwa wembe, jaza puti, iache ikauke siku nzima, piga msasa, paka rangi, ndo uzibe, ila hiyo ni kwa nyumba mpya. Nyumba za kabla ya mwisho wa miaka ya 1970 usiguse msasa kabisa, zaidi ya ile risasi hata puti ya zamani nyingine ilikuwa na asbesto, mwite mwenye nyumba alete watu wake. Kipande cha skatingi kilicholiwa usijaze, ng'oa badilisha, mita mbili na nusu ya ubao wa kawaida ilinigharimu chini ya dola 10, kata nyuzi 45 pale zinapokutana. Peleka kipande cha zamani dukani wakulinganishie umbo, maana mimi nilinunua kwa kukadiria, na hadi leo nyuma ya sofa kuna skatingi iliyozidi nyingine unene kwa upana wa kidole, na ule ukingo uliozidi, nadhani unajua nani kaugundua.